Kwaya ya Wageni

Mgeni rasmi wa mahafali ya kidato cha nne, Jumamosi iliyopita, alisema vijana wetu wana vipaji vya kumwaga. Akatuza noti mbele ya kwaya, ukumbi ukalipuka, na mama mmoja nyuma yangu akapiga vigelegele mpaka nikaziba sikio. Jumatatu chumba cha muziki kikapigwa kufuli hadi Januari. Sababu? Mitihani.

Shule siitaji. Ni ya wavulana, ya bweni, iko hapa hapa Dodoma, na wenye watoto pale mmeshaijua. Mimi huenda Jumamosi kuwasaidia vijana kutengeneza na kupiga zeze, kwa mwaliko wa mwalimu wa muziki, ambaye kwenye karatasi za serikali ni mwalimu wa historia. Nasema haya kwa sababu wengi wenu mnadhani kwaya ya shule inaota yenyewe kama mbigili, kila mheshimiwa anaposhuka kwenye gari.

Haioti. Januari wanaingia watoto wa kidato cha kwanza, wengine bado wana sauti nyembamba za Shule ya Jumapili. Shule ya wavulana haina wasichana wa kubeba sauti ya kwanza, kwa hiyo hao wadogo ndio dhahabu ya mwalimu. Shida ni kwamba dhahabu yenyewe haikai. Koromeo linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na mtoto aliyeimba vizuri wiki iliyopita leo sauti inampasukia katikati ya ubeti huku bweni zima linacheka. Hapo ndipo wengi huacha kuimba maisha yao yote. Mwalimu anayejua kazi hamfukuzi. Anamshushia wimbo, anamhamishia sauti ya pili, baadaye ya tatu, anamzuia kulazimisha sauti za juu, anamsikiliza kila wiki aone imetulia wapi. Hiyo ni kazi ya miezi, na haitaki kukatizwa. Ukifunga chumba Septemba, Januari unakutana na vijana wenye makoromeo mapya na hujui hata mmoja anaimba wapi. Unaanza sifuri. Halafu Aprili wanakuja kukuambia Mwenge wa Uhuru unapita, tunataka kwaya, nyimbo nne, na moja iwe na jina la mkuu wa wilaya.

Mwenge ukishapita, UMISSETA, yale mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari. Hapo ndipo ngoma zinatolewa stoo, zimeliwa na panya, na mwalimu anatoa hela yake mfukoni kununua ngozi. Mwaka huu vijana waliamua kupiga muheme. Wagogo wenzangu mnajua muheme ni ngoma ya akina mama, lakini kwenye shule isiyo na msichana utafanyaje? Tuliwapeleka Chamwino wakafundishwe. Bibi mmoja alipowaona wameibana ngoma mapajani, na magoti yao marefu yamechomoza huku na huku, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akamnyang'anya mmoja ngoma, akasema, "Wajukuu zangu, hii haipigwi kwa hasira." Somo hilo lilikuwa zuri kuliko semina zote nilizowahi kukalia kwa posho.

Na jamani, acheni kuchangia vinanda tu. Kwenye nyimbo zetu kuna sauti moja inayokaa chini kidogo ya si bemoli, yaani ile si iliyoshushwa nusu hatua; kwenye kinanda haipo, hata ukibonyeza vibao vyote. Mtoto akifundishwa kwa kinanda peke yake atarudi nyumbani kumwambia bibi yake kwamba anaimba vibaya. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu, alitoka mkoa huu huu, akafika Ulaya na Japani na zeze na ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na hakuna aliyemwambia ile sauti imepotea njia. Lakini hayo tuyaache.

Tuzungumzie kufuli. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba matokeo yana uzito. Mzazi aliyeuza zabibu za Hombolo kulipia mahitaji ya mtoto anataka daraja la kwanza, hataki kusikia habari za muheme. Kidato cha nne wana mtihani wa taifa Novemba. Waende kambi, hata usiku wakeshe. Kidato cha pili nao wana wao, haya, wapewe nafasi. Je, kidato cha kwanza? Kidato cha tatu? Cha tano, ambao ndio kwanza wamefungua masanduku? Hawana mtihani wowote wa taifa mwaka huu. Wamefungiwa kwa ajili ya nini, mshikamano? Uwanja wa mpira haujafungwa. Na chumba chenyewe kiko mwisho kabisa wa shule, ukipita stoo ya mahindi. Hata ukipiga tarumbeta humo, darasani husikiki.

Tena muziki ni somo, Baraza la Mitihani linalitahini kidato cha nne. Pale shuleni halimo hata kwenye ratiba.

Nilimuuliza mwalimu wa taaluma, kwa heshima zote, kwa nini kufuli. Akanijibu, "Mzee, hawa hawajaja kuimba." Nikamuuliza basi Jumamosi walikuwa wanafanya nini pale mbele, saa mbili nzima, ndani ya mashati ya mikono mirefu na joto lile. Akacheka, akasema hiyo ni shughuli ya shule.

Kikao cha wazazi ni Januari. Agenda ya kwanza huwa ni chakula, ya pili michango. Nitanyoosha mkono kabla ya zote mbili, na wazazi wenzangu mliopiga vigelegele Jumamosi naomba mje mkae mstari wa mbele. Nataka mkuu wa shule aniambie mbele yenu ufunguo anakaa nao nani.