Tuonyesheni kasma

Picha zimesambaa tena wiki hii: wakuu wawili wa vyuo wanabadilishana majalada, bendera nyuma yao, na tangazo la kituo cha pamoja cha utafiti wa biashara ya kimataifa. Hati ya makubaliano ina kurasa tatu na haisemi popote nani atamlipa mratibu wa kituo, mfadhili akishaondoka. Inauma, kwa sababu vituo hivi tunavihitaji kweli.

Wamarekani walilibana hili kisheria. Sheria yao ya biashara ya 1988, iliyozaa vituo vya CIBER, yaani vituo vya vyuo vya elimu na utafiti wa biashara ya kimataifa, inaweka ukomo wa mchango wa serikali ya shirikisho: asilimia 90 ya gharama mwaka wa kwanza, 70 wa pili, 50 kuanzia wa tatu. Kinachobaki chuo kijitafutie. Hapo ndipo kiongozi wa kitaaluma anapopimwa. Lazima aende kwenye kamati ya fedha mapema, aombe kasma, yaani fungu la kituo kwenye bajeti ya chuo, atetee ajira ya kudumu ya mratibu, na watafiti wapunguziwe vipindi kwa barua. Mhadhiri mwenye madarasa manne ya wanafunzi mia tatu-tatu hatapata muda wa kwenda mpakani Tunduma kukusanya takwimu.

Sheria hiyohiyo inataka baraza la ushauri lenye watu wa kampuni za eneo husika. Kwetu wakala wa forodha, anayejua lori linakwama kwenye karatasi ipi, huitwa siku ya uzinduzi, basi.

Mtasema vyuo vya Marekani vina fedha. Sawa, vinazo. Lakini mshahara wa mratibu mmoja hauhitaji utajiri wa Marekani.

Tazameni kinachotokea mratibu asipokuwepo. Tuseme wafanyabiashara wadogo 400 wa mpakani Namanga wamehojiwa, na mpango ni kuwarudia baada ya miaka miwili kuona nani amekua na nani amefunga. Dodoso lina namba tu. Jina na simu viko kwenye faili jingine. Faili hilo limebaki kwenye kompyuta ya msaidizi wa utafiti ambaye mkataba wake umekwisha. Duru ya pili imekufa hapo. Huwezi kujua namba 217 ni mama gani wa vitenge. Na simu za watu zinatembea mkobani, wakati Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Wanaoandika maombi ya ufadhili nao wasome kanuni za gharama za uendeshaji. Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, hutoa asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja, bila kuhesabu kazi za wakandarasi. Erasmus+, mpango wa Umoja huo wa elimu, kwenye fungu la kujenga uwezo wa vyuo hutoa 7. Umeme, mhasibu na mlinzi wanalipwa kutoka humo. Ukikubali 7 bila kupiga hesabu, kitivo ndicho kitakachofidia. Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, nacho kiombwe kabla mshirika wa nje hajakata tiketi.

Picha ya kutia saini ijayo, ibandikeni pamoja na ukurasa wa bajeti ya chuo wenye jina la kituo hicho.