Malori ya makaa na hewa ya Mikindani: nani aanze kubanwa?

Kila inapozungumzwa hoja ya kutenga maeneo ya mji ambamo magari yenye moshi mwingi hayaingii, au huingia kwa kulipa, mfano unaotolewa kwanza ni London, ambako tangu Agosti 2023 karibu mji wote umo ndani ya eneo hilo na mwenye gari lisilofikia viwango hulipa pauni 12.50 kwa siku. Kwa mkazi wa Mtwara mfano huo unatisha kabla haujashawishi. Ukiletwa hapa kama ulivyo, wa kwanza kulipa atakuwa dereva wa bajaji anayepeleka wagonjwa hospitali ya Ligula na mwenye Hiace iliyonunuliwa ikiwa imeshachoka, ilhali lori moja zito la dizeli, hasa lililozeeka, hutoa uchafu mwingi kuliko vyombo hivyo vidogo.

Malori hayo hupita Mikindani, kando ya ghuba kwenye barabara ya kuingia Mtwara. Makaa ya mawe kutoka Ruvuma hushushwa bandari ya Mtwara kwa barabara, na msimu wa korosho unapofunguliwa, kwa kawaida Oktoba, mizigo huongezeka. Pale barabara inapopita kati ya ghuba na makazi, lori lililosheheni hupunguza mwendo, kisha dereva akikanyaga mafuta tena hutoka moshi mweusi, na mama ntilie aliye hatua chache kutoka lami hufunika sufuria ya mchuzi bila hata kugeuka kutazama.

Wanaoupinga mpango wa London kwa kuwa unaonea wenye vipato vidogo husahau mpangilio wake. Mpango huo ulianza mwaka 2008 na malori ya dizeli yanayozidi tani 12, miezi michache baadaye yakafuata malori madogo zaidi na mabasi. Magari madogo ya binafsi yaliguswa karibu miaka kumi baadaye, tena katikati ya mji tu. Mpangilio huo ndio unaoifaa Mtwara, kuliko kamera na faini zake.

Hata hivyo, hoja ya wasafirishaji haipuuziki. Mnunuzi wa korosho mnadani huhesabu gharama ya kufikisha mzigo bandarini, na kila shilingi inayoongezeka njiani inaweza kukatwa kwenye bei ya mkulima wa Tandahimba au Newala, ambaye hana lori wala hanufaiki na hewa ya Mikindani. Bandari yenyewe imepiganiwa kwa miaka mingi ili korosho za kusini zisisafirishwe kupitia Dar es Salaam, na tozo iliyopangwa ovyo inaweza kuwapa wanunuzi sababu ya kudai njia ya zamani.

Kuna pia suala la mamlaka. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, za mitaa chini ya TARURA, leseni za usafirishaji hutolewa na LATRA, na viwango vya hewa husimamiwa na NEMC. Manispaa ya Mtwara-Mikindani inabaki na sheria ndogo, mipango ya ardhi na maegesho. Si haba: eneo la kuegesha nje ya mji, ambako malori yanasubiri kuitwa bandarini kwa zamu, lingepunguza injini zinazounguruma kwenye foleni bila kumfukuza mtu barabarani. Turubai lililofungwa vizuri nalo lingezuia vumbi la makaa, ambalo hakuna kiwango cha injini kinacholigusa. Kuyapitisha malori usiku peke yake nakuona kama kuhamisha kero, kwani waliokuwa wakivuta moshi mchana watakosa usingizi.

Kabla ya yote, vipimo viwekwe kando ya barabara kwa mwaka mzima, msimu wa korosho ukiwemo, ili matokeo yalinganishwe na viwango vya taifa na kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021, yaani wastani wa mikrogramu 5 za chembe laini katika mita moja ya ujazo kwa mwaka. Tozo ikija baadaye, sheria ndogo itamke kwamba inalipia maegesho na vipimo hivyo. Ikitumbukizwa kwenye mapato ya jumla ya halmashauri, wenye malori watakuwa na haki ya kuiita ushuru mwingine tu.