Njiti za kiberiti na mto Rufiji jukwaani

Mchukue kijana aliyemaliza kidato cha nne na kuisoma Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, iliyochapishwa 1969. Dhamira atakutajia, migogoro atakutajia, falsafa pia, zote zimepangwa kama majibu ya mtihani. Sasa muulize mto Rufiji, anamozama Kinjeketile watu wakabaki kumngoja ukingoni, utauwekaje jukwaani. Atakutazama tu. Hajawahi kuiona tamthilia hiyo ikichezwa.

Hapo ndipo ulipo ubishi wa kama chuo kina haja ya kufundisha kutazama tamthilia na kubuni jukwaa. Wanaopinga wana hoja nzito. Sanaa zetu hazikusubiri jukwaa: ngoma ilichezwa uwanjani, watu wamezunguka, na msimulizi aligeuza ua kuwa msitu kwa sauti na mkono. Jukwaa la upande mmoja, mchezo ukitazamwa kama picha ndani ya fremu, lililetwa na wakoloni. Kenya National Theatre ya Nairobi ilifunguliwa 1952, Mwingereza bado yupo. Unamfundisha kijana kushusha mandhari kwa kamba kutoka darini, anahitimu, anakuta kumbi zenye dari ya hivyo ni za kuhesabu kwa vidole. Mzazi aliyelipa ada lazima aulize.

Mfano wanaoupenda ni Kamiriithu, kijiji cha kule Limuru, Kenya. Mwaka 1977 wanakijiji, wakulima na vibarua, walijijengea ukumbi wa wazi wa kukaa watu wapatao 2,000. Hakuna aliyekuwa na cheti cha ubunifu wa jukwaa. Serikali iliuogopa kiasi cha kuubomoa 1982.

Lakini mfano huo mimi nausoma kinyume. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, watu wale walipanga ukumbi wao chini kwa njiti za kiberiti, kisha wakatengeneza mfano mdogo, na ukumbi wenyewe ukajengwa kwa kuufuata. Hilo ndilo somo lenyewe! Chuoni mwanafunzi hutengeneza jukwaa la kadibodi ambalo mita 1 ni sentimita 4, akasogeza mlango wa kadibodi huku na huku mpaka aone mtazamaji gani atazibwa asione. Kosa la hapo linarekebishwa kwa mkasi. Likishafika kwenye mbao, linarekebishwa kwa pesa.

Na kazi ya mikono inayofuata haina ukoloni wowote. Ukuta wa jukwaani ni fremu ya mbao nyembamba iliyovutiwa marekani, kitambaa kile kile cha pamba cha dukani, ikapakwa gundi iliyozimuliwa kwa maji. Ikikauka inakaza kama ngozi ya ngoma, tayari kwa rangi. Aliyejua hilo hafi njaa hata kama tamthilia hazichezwi: kuna studio za televisheni, kuna filamu, na kuna harusi. Wapambaji wa kumbi za harusi ndio wabunifu wa jukwaa wenye kazi nyingi kuliko wote mjini, ingawa hakuna anayewaita hivyo.

Kwa upande wa kutazama, naona vyuo vinastahili lawama zaidi. Kuthamini tamthilia kwa kuandikiwa maelezo ubaoni ni kupoteza muda. Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanza 1981 na ambacho leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kuna tamasha kila mwaka. Mwanafunzi wa somo hili akae pale, aandike alichokiona, si alichoambiwa.

Mtihani ningeuweka kwenye mto ule ule, uwanjani kwanza, ukumbini baadaye. Mmoja ataleta marekani iliyotiwa rangi ya bluu, watu wawili wakaitikisa. Mwingine atakataa kitambaa, mto uwe miili ya waigizaji na mvumo wa sauti zao. Mwalimu naye asikae mbele. Aende safu ya mwisho, kiti cha pembeni kabisa, aone kama kutokea pale mto unaonekana.