Priseti, Mkanda na Kijani cha Tukuyu

Kila msimu wa harusi wapigapicha wa Mbeya hurudia lawama ileile: kijana wa dijitali hana mtindo wake, kanunua priseti tu, yaani mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari, mzee wa mkanda wa filamu ndiye aliyekuwa na mkono wake. Lawama hii ina ukweli ndani yake, lakini inamwonea kijana.

Mkanda wa milimita 35 ulitoa picha 36, na kila moja ilikuwa na bei, kwa hiyo ulifundisha kungoja. Seydou Keïta, mpigapicha wa Mali aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Vitambaa vya maua nyuma, mwanga wa jua, mabega yaliyogeuzwa upande: unamtambua kabla hujasoma jina. Nidhamu hiyo siibezi hata kidogo.

Keïta lakini alipiga nyeusi na nyeupe. Mkanda wa rangi ulikuja na rangi iliyokwisha kuamuliwa kiwandani. Kwa miaka mingi maabara zilipima rangi kwa kadi ya Shirley, yenye picha ya mwanamke mweupe, na nyuso nyeusi zikatoka bila sura kuonekana vizuri. Fundi alisahihisha alivyoweza wakati wa kusafisha picha. Ile rangi ya zamani tunayoilalia matanga nayo ilikuwa priseti, iliyouzwa ndani ya kikopo.

Kosa la priseti za siku hizi nalijua, na linaniuma. Nyingi hufifisha kijani mpaka kielekee kahawia. Mweke bibi harusi kwenye chai ya Rungwe, bonyeza mara moja, na shamba zima linaonekana limekauka. Tukuyu, mji wa Rungwe, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka! Migomba, chai, majani ya kando ya barabara, vyote vinang'aa kwa sababu ya mvua hiyo. Ukikiua kijani kile, harusi ingeweza kuwa imefungwa popote. Lakini programu ya kuhariri picha inayotumia priseti hizo inamruhusu kijana kushika kijani peke yake bila kugusa ngozi. Mteja wa mkanda hakuwahi kupewa nafasi hiyo dukani.

Kuna jambo jingine ambalo wanaolaumu hawalitaji. Faili ya dijitali hubeba kumbukumbu yake: lenzi, tundu la kupitisha mwanga, kasi ya shata, saa. Nilipopanga picha zangu za mwaka mzima, nilikuwa nikiamini mtindo wangu ni lenzi ndefu. Zile nilizozipenda karibu zote zilikuwa za lenzi fupi ya milimita 35, nimesimama hatua mbili kutoka kwa mtu, kabla ya saa tatu asubuhi. Kwa mkanda ningehitaji daftari na subira ambayo wengi wetu hatukuwa nayo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaomwambia kijana aanze kwa kununua mkanda. Apande gari la Tukuyu alfajiri, ashuke Isyonje kwenye ukungu na kamera aliyonayo, ajiwekee picha 36 na asizidishe. Kipimo cha mwanga cha kamera kitaugeuza ukungu kijivu. Aongeze mwanga stopu moja, yaani mara mbili, atazame, aongeze tena. Jioni azipange zote 36 mezani bila priseti, achague tatu, kisha asome kwenye faili alitumia lenzi gani na saa ngapi.