Nilivyopitwa na Mlima

Kwa miaka kumi na miwili nimewafundisha wanafunzi wangu habari za safu ya milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, na kila mwaka, nikifika kwa mvumbuzi Mwingereza Samuel Baker, ambaye mwaka 1864 alilifikia Ziwa Albert akaondoka bila habari ya theluji iliyokuwa kusini mwake, darasa zima huangua kicheko, nami huwashinda wote kwa kucheka. "Mtu mzima mwenye darubini," huwaambia, "anapitwaje na mlima wa mita 5,109?"

Likizo ya Aprili nikaenda kujionea mwenyewe. Kule Kasese, kiongozi wetu, kijana wa Kikonzo, alinipa gambuti. Nilizikataa kwa heshima zote, nikamweleza kwamba mimi ni mzaliwa wa Moshi, kilele cha Uhuru chenye mita 5,895 nimekifika, na viatu vyangu vya mlima vimemeza nusu ya mshahara. "Sawa, Mwalimu," alijibu, akazifunga gambuti zile juu ya mzigo wake.

Kilimanjaro ni volkano iliyosimama peke yake, na maji hupenya upesi katika udongo wake wa majivu. Rwenzori si volkano hata kidogo, bali ni bonge la mwamba wa kale lililosukumwa juu kati ya nyufa za Bonde la Ufa la Magharibi, lenye urefu wa kilomita zipatazo 120, likikinga mawingu ya misitu ya Kongo karibu mwaka mzima, na mvua ikishanyesha, maji hutuama mabondeni yasipate pa kwenda. Hayo nimeyaandika ubaoni mara kumi na mbili. Katika kinamasi cha Bigo ndipo yaliponiingia, kuanzia miguuni.

Pale mtu huruka kutoka shungi moja la majani hadi jingine. Niliruka matatu, la nne halikuwa shungi. Nilizama hadi kiunoni, na kwa kuwa malengelenge yalikuwa yamenilazimisha kulegeza kamba, wapagazi wawili waliponing'oa kama muhogo nilitoka peke yangu, viatu vikabaki. Kiongozi alifungua mzigo wake bila kusema neno. Gambuti zilikuwa za mguu wangu hasa.

Lakini gambuti hazifungwi meno ya chuma ya kukanyagia barafu, hivyo safari yangu iliishia kwenye kibanda cha Elena, mita 4,541, nikiwasubiri wenzangu kwa siku nzima ndani ya ukungu mzito kama uji wa mtama.

"Theluji yenyewe iko wapi?" nilimwuliza mpishi.

"Mbele yako, Mwalimu. Umeielekea."

Nilipiga picha. Muhula ulipofunguliwa niliipitisha darasani, nayo ikazunguka madawati yote kwa ukimya usio wa kawaida: mimi katika gambuti, nikinyosha kidole kwenye weupe mtupu. Mwishowe mkono mmoja uliinuka nyuma.

"Mwalimu, hukubeba darubini?"