"Hakunilipa" na "akanilipa": akili mnemba inapoandika ushahidi

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya wilaya Tanzania anaijua kauli hii: "Shahidi, taratibu, naandika." Hakimu ameinama, kalamu inakimbia, na mama anayesimulia alivyovamiwa anaambiwa asubiri sentensi iishe. Tena kwa miaka mingi shahidi alisema Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza, akitafsiri kichwani papo hapo. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini mzigo wa kalamu ulibaki palepale.

Kwa hiyo sikushangaa Mahakama ya Tanzania ilipoleta mfumo wa akili mnemba wa kampuni ya Italia, Almawave, unaosikiliza yanayosemwa, kuyaandika na kuyatafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Hakimu asiyeandika anaweza kumtazama shahidi usoni. Nakala za mwenendo wa kesi nazo zitatoka mapema. Katika rufaa ya madai kwenda Mahakama ya Rufani, mtu ana siku 60 tangu atoe taarifa ya rufaa, ila siku za kusubiri nakala hazihesabiwi, ilimradi Msajili wa mahakama atoe cheti cha kuzithibitisha. Kucheleweshwa kumezoeleka hadi kumetengewa nafasi kwenye kanuni.

Watetezi wanaongeza kwamba mashine hii inaandika tu, haihukumu. Kweli, kwingine watu waliumizwa na mifumo inayoamua. Robodebt, mpango wa serikali ya Australia wa kudai marejesho ya posho za ustawi (ambayo, kusema haki, ilikuwa hesabu tu wala si akili mnemba) ilichukua kipato cha mwaka, ikakigawa kwa wastani, ikawadai wanyonge fedha wasizodaiwa. Tume ya uchunguzi iliianika mwaka 2023. Kenya nako, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, inakadiria kipato cha mama mboga kwa maswali kuhusu kaya na nyumba yake, kisha inampangia mchango, na malalamiko hayajakauka. Mbele ya hayo, mwandishi asiyechoka anaonekana hana madhara.

Hapo ndipo naachana nao. Jaji wa rufaa hakumwona shahidi wala hakumsikia. Alichonacho ni maandishi, na kwake yaliyoandikwa ndiyo yaliyosemwa.

Sasa kisikilize Kiswahili chetu. "Hakunilipa" na "akanilipa" zinatofautiana kwa h moja na irabu moja, na wapo wengi wanaoidondosha hiyo h tangu utotoni. Ongeza feni ya dari, mvua juu ya bati na shahidi anayeongea huku ameziba mdomo kwa kanga, na deni limeshalipwa kwenye karatasi. Tafsiri ina mitego yake. Shahidi akisema alimtambua mwizi saa mbili usiku, Kiingereza kinatakiwa kisome saa nane kwa hesabu yao. Kikiandikwa mbili, tukio linahama kutoka wakati maduka yako wazi hadi usiku wa manane. "Alimpiga" haisemi kama mpigaji ni mwanamume au mwanamke, lakini Kiingereza kitalazimika kuchagua.

Utaniambia hakimu naye hukosea, na hasa yule aliyekuwa akitafsiri kichwani. Ni kweli, pengine alikosea mara nyingi zaidi. Lakini kosa lake lilikuwa na mwenyewe, na mwandiko wake mbaya ulimfanya msomaji atie shaka. Maandishi yaliyochapwa safi hayatiliwi shaka na mtu.

Dawa ya zamani ipo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka hakimu amjulishe shahidi kwamba ana haki ya kusomewa ushahidi wake, na akiwa na maoni yaandikwe. Mahakama ya Rufani imeshaamua kwamba kuiruka hatua hiyo hakuivunji kesi kama hakuna aliyeathirika, na enzi za kalamu uamuzi huo ulieleweka, maana hakimu alikuwa amesikia kwa masikio yake alichokiandika. Mashine ikishika kalamu, sababu hiyo imeondoka.

Kumsomea kila shahidi kutachosha, najua, na sehemu ya muda uliookolewa itaishia humo humo. Ningeulipa muda huo bila kinyongo. Halafu sauti yenyewe itunzwe hadi rufaa ya mwisho iamuliwe, na mrufani asiye na wakili aweze kuiomba na kuisikiliza kama anavyoomba nakala ya hukumu.