Kabla ya fristaili, mtoto ajue kulala chali

Likizo ya Desemba ikifika, mabwawa ya hoteli za Kampala na Entebbe hujaa watoto wenye miwani na kofia za mpira, na karibu kila kocha huanzia palepale: mtoto ashike ubao, apige miguu, atie uso majini, ajifunze fristaili, yaani kuogelea kifudifudi huku mikono ikipiga kwa zamu. Akishaiweza anageuzwa aogelee kwa mgongo. Halafu mtindo wa chura. Kipepeo, ambamo mikono yote miwili hurushwa mbele kwa pamoja, huachiwa wenye pumzi, na wazazi wengi huacha kulipa ada kabla mtoto hajaifikia.

Kwa mtoto anayeandaliwa kwa medali, mpangilio huo hauna ubaya. Kwa mtoto ambaye siku moja atapanda boti kwenda visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria, naona umepinduliwa.

Makocha wana hoja zao, tena nzito. Miguu ya fristaili hupigwa kwa zamu, na mtoto huizoea upesi. Chura ni kazi nyingine: magoti yakunjwe, nyayo zigeuzwe nje, miguu yote miwili isukume kwa pamoja, na hayo yote yaoane na mikono na pumzi. Kuna watu wazima wanaopiga teke hilo wiki nzima na wasisogee hata hatua moja.

Lakini mpangilio huu haukushuka kutoka mbinguni. Matthew Webb alipovuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa mwaka 1875, aliogelea chura kwa karibu saa 22. Ujerumani na Uholanzi, chura ndiyo iliyozoeleka kuwa somo la kwanza, ilhali Uingereza, Marekani na Australia huanza na fristaili na mgongo. Kipepeo yenyewe ni mtoto wa chura: ilikuwa ikiogelewa ndani ya mbio za chura mpaka ilipotengwa mwaka 1952, na Olimpiki ikaipa mbio zake mwaka 1956. Kwa hiyo kila nchi imejipangia kulingana na kile inachokitaka. Sisi tunataka nini?

Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama karibu na ufuo wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Maji ya Ziwa Viktoria si ya baridi ya kuua, yana joto la nyuzi 25 hivi. Anayeanguka humo hamalizwi na baridi. Humalizwa na hofu na uchovu, na kinachohitajika ni kubaki juu akipumua mpaka wavuvi wamfikie. Fristaili ya mwanafunzi haimsaidii sana hapo. Uso uko ndani ya maji, pumzi inaibiwa kwa kugeuza kichwa, na wimbi moja linaloingia mdomoni huvuruga kila kitu. Na akiwa amevaa jaketi la kujiokoa, mwili hauzunguki vizuri na mikono haipiti. Ndani ya jaketi mtu husogea kwa urahisi zaidi akiwa chali, akipiga miguu taratibu.

Ndugu zetu wa Mombasa na Zanzibar huniambia kuelea ni jambo la kulala tu. Kwao ni kweli zaidi, maana chumvi huyafanya maji ya bahari kuwa mazito kuliko ya ziwa kwa karibu asilimia 2.5, na tofauti hiyo huisikia mwilini. Ziwani inabidi ufundishwe: kifua kijae hewa, pumzi zitoke fupi fupi, masikio yakubali kuzama, kitovu kipande juu. Mtu akitoa hewa yote ili apige kelele za kuomba msaada, anazama. Somo hili halichukui muda mrefu, lakini kwenye mabwawa mengi niliyoyaona hupewa dakika chache tu kabla ubao haujatolewa.

Basi ningepanga hivi: kuelea chali kwanza, na kujigeuza kutoka kifudifudi hadi chali bila kushika ukuta. Kisha mgongo wa polepole. Kisha chura ya kichwa juu, ambayo makocha wa mbio wanaichukia kwa sababu miguu hushuka na kasi hupotea. Wana haki, ila kichwa kikiwa juu unaiona boti, unauona ufuo, na unaweza kumjibu anayekuita. Fristaili ije baada ya hapo, na ije kwa nguvu zote. Kipepeo nayo ikae mwisho. Hapo sina ugomvi na mtu.

Kuna kocha mmoja niliyemweleza haya akacheka. “Nnyabo (yaani mama), mzazi akija Jumamosi anataka kumwona mtoto amevuka bwawa. Nikimwonyesha mtoto amelala, ataniuliza pesa yake imekwenda wapi.” Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu wazazi ndivyo tulivyo. Tunalipia kasi. Na wala chura si mtindo wa walioshindwa: Husnah Kukundakwe alipoiwakilisha Uganda kwenye Paralimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 14, aliogelea chura ya mita 100.

Jambo moja la Waholanzi ningependa tuliibe bila aibu. Mtoto wao hapati cheti cha kuogelea mpaka aogelee akiwa amevaa nguo na viatu, kwa sababu nchi yao imejaa mifereji na hakuna anayetumbukia mferejini akiwa na nguo za kuogelea. Mabwawa yetu mengi hayaruhusu nguo za kawaida majini, na sababu ya usafi naielewa. Lakini siku ya mwisho ya likizo, kabla maji hayajasafishwa, meneja akiombwa vizuri anaweza kukubali watoto waingie na sare za shule zilizofuliwa. Mzazi aje Jumamosi hiyo.